Uunganaji wa mfupa na skrubu ndogo za kunyooshea meno

Uunganaji wa mfupa na skrubu ndogo za kunyooshea meno ni mchakato wa kibiolojia ambao mfupa hai wa taya hukua hadi kugusana moja kwa moja na kipandikizi kidogo cha metali kilichowekwa kinywani kwa muda ili kusaidia kusogeza meno. Kitaalamu mchakato huo huitwa oseointegresheni. Jina hilo limeundwa kutokana na maneno mawili ya Kilatini: "os", yaani mfupa, na "integrare", yaani kufanya kitu kiwe kizima.

Skrubu hizo hutumiwa katika othodontia, tawi la tiba ya meno linaloshughulikia kupanga na kunyoosha meno na kurekebisha namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Tofauti na vipandikizi vinavyochukua nafasi ya jino lililong'oka, ambavyo hukusudiwa kubaki mdomoni kwa miaka mingi, skrubu za othodontia huondolewa matibabu yanapokwisha. Kwa sababu hiyo huhitaji kushikwa na mfupa kwa kiasi cha kutosha kuvumilia mvuto, lakini si kwa nguvu kiasi cha kushindikana kutolewa.

Haja ya nanga

Jino halijaota ndani ya mfupa kama msumari uliogongewa kwenye ubao. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna kano nyembamba yenye unene wa takriban milimita 0.2. Jino linaposukumwa kwa nguvu ndogo kwa muda mrefu, kano hiyo hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande mwingine. Upande uliobanwa mfupa huliwa na seli maalumu, na upande uliovutwa mfupa mpya hujengwa. Ndivyo jino linavyosafiri polepole ndani ya taya.

Tatizo linatokana na kanuni ya tatu ya Newton: kila nguvu ina nguvu nyingine iliyo sawa nayo inayoelekea upande wa pili. Daktari akifunga mnyororo wa mpira kutoka kwenye gego ili kuvuta meno ya mbele yaingie ndani, gego nalo huvutwa kuelekea mbele. Kwa kuwa gego pia limezungukwa na kano, linaweza kusogea na kula nafasi iliyokusudiwa kwa meno ya mbele. Kitu kinachotegemewa kupinga mwendo huo usiotakiwa huitwa nanga.

Zamani nanga ilipatikana kwa kuunganisha meno mengi pamoja, au kwa kuvaa kifaa cha nje kinachozunguka kichwa au shingo. Kifaa cha aina hiyo hufanya kazi tu kikivaliwa kwa saa nyingi kila siku, na wagonjwa wengi hawakufuata masharti hayo. Skrubu iliyoingia katika mfupa haina kano kuizunguka. Mfupa ukiishika, haisafiri kama jino linavyosafiri, hivyo inaweza kuwa nanga bila kutegemea meno mengine wala bidii ya mgonjwa kuvaa kifaa.

Historia

Mwaka 1945 watafiti wa Marekani Gainsforth na Higley waliweka skrubu za vitaliamu, aloi ya kobalti na kromi, katika taya la chini la mbwa na kuzitumia kuvuta meno. Baadhi ya meno yalisogea, lakini skrubu zote zililegea na kutoka ndani ya muda wa siku 16 hadi 31. Wazo lilikuwa sahihi, ila wakati huo haikujulikana ni metali gani na ni mbinu gani ingeufanya mfupa uipokee skrubu.

Jibu lilianza kupatikana nchini Uswidi. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark (1929-2014) alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia vyombo vidogo vya kutazamia vilivyotengenezwa kwa titani. Alipotaka kuvitoa ili avitumie tena, aliona kwamba mfupa ulikuwa umevishika barabara. Baada ya utafiti wa miaka mingi, mwaka 1965 alimtibu binadamu wa kwanza kwa vipandikizi vya meno vya titani mjini Gothenburg. Brånemark ndiye aliyelieneza neno oseointegresheni.

Mwaka 1983 Creekmore na Eklund walieleza jinsi walivyoweka skrubu ya vitaliamu chini ya pua ya mgonjwa na kuitumia kuinua meno ya mbele ya juu yaliyokuwa yameshuka kupita kiasi. Mwaka uliofuata W. Eugene Roberts na wenzake walichapisha utafiti juu ya skrubu za titani katika mifupa ya sungura, ulioonyesha kwamba skrubu iliyopewa wiki kadhaa za kupona inaweza kuvutwa mfululizo bila kung'oka.

Vipandikizi vya kawaida vya meno, hata hivyo, vilikuwa vinene mno kupita kati ya mizizi ya meno. Mwaka 1997 Ryuzo Kanomi wa Japani alieleza matumizi ya skrubu ndogo ya titani yenye kipenyo cha milimita 1.2 na urefu wa milimita 6. Tangu hapo skrubu ndogo zilienea haraka, hasa baada ya madaktari wa Japani, Korea Kusini, Taiwan na Italia kubuni aina mbalimbali.

Umbo na madini

Skrubu nyingi zina kipenyo cha milimita 1.2 hadi 2 na urefu wa milimita 6 hadi 12. Sehemu zake kuu ni tatu:

- Kichwa, kinachobaki nje ya ufizi na kufungwa springi, waya au mnyororo wa mpira.
- Shingo, sehemu laini inayopita katika ufizi.
- Mwili wenye nyuzi za mzunguko, unaoingia ndani ya mfupa.

Nyingi hutengenezwa kwa aloi ya titani yenye alumini kwa asilimia 6 na vanadi kwa asilimia 4. Aloi hiyo ni imara kuliko titani tupu, jambo la muhimu kwa kitu chembamba kiasi hicho ambacho kinaweza kukatika kikizungushwa kwa nguvu. Zipo pia skrubu za chuma cha pua.

Titani haigusani na mwili ikiwa tupu. Mara tu inapokutana na hewa au majimaji hujifunika kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo hauyeyuki kwa urahisi, huzuia kutu, na protini za damu hunata juu yake. Kwa hiyo mfupa haukutani na metali yenyewe bali na oksidi yake, na mwili hauichukulii kama adui wa kumzingira na kumtoa.

Hatua za mfupa kuungana

Skrubu inapoingia huukata na kuukandamiza mfupa. Kwa hiyo uunganaji ni aina ya uponaji wa jeraha, na hupitia hatua zinazofanana na zile za mfupa uliovunjika.

Katika dakika na saa za kwanza, damu hujaza nafasi ndogo zilizobaki kati ya nyuzi za skrubu na mfupa. Protini hunata juu ya utando wa oksidi, damu huganda, na nyuzi za fibrini hufanya wavu ambao seli zinaweza kutambaa juu yake.

Katika siku zinazofuata, seli za kinga huondoa mabaki ya seli zilizokufa. Mishipa mipya midogo ya damu huota na kuingia kwenye donge. Kupitia njia hiyo hufika seli changa zinazogeuka kuwa osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa.

Kuanzia takriban wiki ya kwanza, osteoblasti huanza kuweka mfupa mchanga. Mfupa huo hujengwa haraka, nyuzi zake za kolajeni zikiwa zimelala ovyo, na hauna nguvu nyingi. Hujengwa kwa njia mbili kwa pamoja: kutoka ukingo wa mfupa wa zamani kuelekea kwenye skrubu, na kutoka juu ya skrubu yenyewe kuelekea nje.

Wakati huohuo osteoklasti, yaani seli zinazokula mfupa, huondoa mfupa uliokandamizwa na kufa wakati wa kuweka skrubu. Baadaye mfupa mchanga nao huliwa na nafasi yake kuchukuliwa na mfupa wa tabaka, ambao nyuzi zake zimepangwa vizuri na una nguvu zaidi. Kwa binadamu ukarabati huo huchukua miezi, na hauishi kabisa, kwa sababu mfupa unaoizunguka skrubu huendelea kujengwa upya muda wote.

Mfupa haugusi uso wote wa skrubu. Chini ya hadubini huonekana sehemu zilizogusana na mfupa na nyingine zenye uboho au tishu laini. Uwiano wa sehemu iliyogusana hutofautiana kulingana na mahali, muda uliopita na aina ya uso wa skrubu. Kwa kawaida mguso huwa mkubwa zaidi katika taya la chini, ambalo mfupa wake ni mgumu, kuliko katika taya la juu.

Uthabiti wa kwanza na wa pili

Wataalamu hutofautisha aina mbili za uthabiti.

Uthabiti wa kwanza ni wa kimakanika. Hupatikana palepale skrubu inapokazwa, kwa sababu nyuzi zake zimeuma mfupa. Hutegemea zaidi unene wa mfupa mgumu wa nje. Ndani yake kuna mfupa wenye vishimo vingi kama sponji, ambao haushiki sana. Tafiti zimeonyesha kwamba skrubu hufaulu zaidi pale mfupa wa nje unapokuwa na unene wa angalau milimita 1.

Uthabiti wa pili ni wa kibiolojia. Huja polepole kadiri mfupa mpya unavyojengwa kuizunguka skrubu.

Kati ya hizo mbili kuna kipindi cha hatari. Mfupa uliokandamizwa unapoanza kuliwa, uthabiti wa kwanza hupungua, ilhali mfupa mpya bado hautoshi. Skrubu inaweza kuonekana imara siku ya kwanza, kisha ikalegea wiki chache baadaye bila kosa lolote kuonekana kwa nje. Ikivuka kipindi hicho, uwezekano wa kudumu hadi mwisho wa matibabu huongezeka.

Jambo linaloamua zaidi katika kipindi hicho ni mtikisiko. Mwendo mdogo sana wa skrubu ndani ya mfupa unaweza kuvumiliwa. Lakini ukizidi kiwango kinachokadiriwa kuwa kati ya mikromita 50 na 150, seli huacha kujenga mfupa na badala yake hujenga tishu za nyuzinyuzi. Skrubu iliyozungukwa na tishu hizo huendelea kulegea hadi itoke.

Muda wa kuanza kuvuta

Kwa vipandikizi vya kubadilisha jino, desturi iliyoanzishwa na Brånemark ilikuwa kusubiri miezi kadhaa kabla ya kuvitwika mzigo. Kwa kufuata mfano huo, madaktari wa kwanza waliotumia skrubu ndogo walisubiri pia. Baadaye ilionekana kwamba katika hali nyingi si lazima kusubiri kiasi hicho, na leo skrubu nyingi huanza kuvutwa siku ileile au baada ya wiki chache.

Sababu ni ukubwa na aina ya mzigo. Kipandikizi kilichochukua nafasi ya gego hubeba nguvu ya kutafuna, ambayo ni kubwa na huja kwa mapigo kutoka pande mbalimbali. Skrubu ya othodontia kwa kawaida huvutwa kwa nguvu ya gramu 50 hadi 300 hivi, tena mfululizo na kuelekea upande mmoja. Nguvu ndogo na tulivu ya namna hiyo haiitikisi skrubu kupita kiwango, hivyo mfupa huendelea kupona huku ikivutwa.

Hata hivyo, skrubu iliyo imara si lazima iwe haisogei kabisa. Mwaka 2004 Eric Liou na wenzake wa Taiwan walionyesha kwamba baadhi ya skrubu zinazoendelea kufanya kazi vizuri huinama kidogo kuelekea upande zinakovutwa. Kwa sababu hiyo walishauri kuacha nafasi ya milimita 2 kati ya skrubu na mizizi ya meno, neva au mishipa mikubwa ya damu.

Sababu za kulegea

Skrubu nyingi hufaulu, lakini si zote. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba takriban 13 hadi 14 kati ya kila 100 hushindwa. Sababu kuu ni hizi:

- Mfupa mwembamba au laini. Skrubu hukosa uthabiti wa kwanza. Watoto na vijana walio katika umri mdogo wana mfupa ambao bado haujakomaa, hivyo mahali pa kuweka skrubu huchaguliwa kwa uangalifu zaidi.
- Joto. Utafiti wa Eriksson na Albrektsson wa mwaka 1983 ulionyesha kwamba mfupa ukipata joto la nyuzijoto 47 za Selsiasi kwa dakika moja hudhurika. Ndiyo maana keekee, ikihitajika, huzungushwa polepole na kupozwa kwa maji ya chumvi.
- Kukaza kupita kiasi. Skrubu iliyokazwa kwa nguvu ndogo mno hucheza, lakini iliyokazwa kwa nguvu kubwa mno huponda mfupa na kuua seli zake. Kwa baadhi ya skrubu nyembamba, kiwango kilichopendekezwa ni Nyuton-sentimita 5 hadi 10.
- Kugusa mzizi wa jino. Jino hucheza kidogo kila mtu anapotafuna. Skrubu inayogusa mzizi hutikiswa kila mara.
- Uvimbe wa ufizi. Uchafu na bakteria zikikusanyika shingoni mwa skrubu, ufizi huvimba na mfupa ulio chini yake huliwa. Hatari ni kubwa zaidi skrubu ikiwekwa katika ngozi laini inayochezacheza ya shavu kuliko katika ufizi mgumu ulioshikamana na mfupa.
- Uvutaji wa sigara na maradhi. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye jeraha. Kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa zinazoathiri ujenzi wa mfupa, kama bisfosfoneti, huweza pia kuharibu uponaji.

Skrubu ikilegea kwa kawaida huondolewa, na nyingine huwekwa mahali pa jirani au mahali palepale baada ya kupona. Mgonjwa hapotezi jino, lakini matibabu huchelewa.

Mahali pa kuweka

Mahali panapotumika sana ni kati ya mizizi ya gego dogo la pili na gego kubwa la kwanza, upande wa shavu. Nafasi hapo ni finyu, kwa hiyo picha ya eksirei ni ya lazima. Paa gumu la kinywa pia hupendwa kwa kuwa sehemu yake ya mbele ina mfupa mzuri, ufizi mgumu, na hakuna mizizi karibu ikiwa mahali pamechaguliwa vema. Kwa wagonjwa wanaokua, skrubu huwekwa pembeni kidogo ya mstari wa katikati wa paa la kinywa, kwa sababu mfupa wa mstari huo bado haujafunga. Sehemu nyingine ni nyuma ya magego ya mwisho ya chini na kwenye tuta la mfupa chini ya shavu.

Kuondoa skrubu

Matibabu yanapokwisha daktari huigeuza skrubu kinyume kwa bisibisi ileile iliyotumika kuiweka. Mara nyingi dawa ya ganzi ya kupaka hutosha, na wakati mwingine haihitajiki. Tundu linalobaki huziba lenyewe, ufizi ukipona katika siku chache na mfupa baadaye.

Urahisi huo hautokei kwa bahati. Vipandikizi vya kudumu hukwaruzwa kwa mchanga na tindikali ili uso wake uwe na mikwaruzo ambayo mfupa utaishika sana. Skrubu nyingi za othodontia huachwa laini makusudi. Kama mfupa ungeishika mno skrubu yenye kipenyo cha milimita 1.5, ingeweza kukatika shingoni wakati wa kutolewa, na kipande kilichobaki kingehitaji upasuaji.

Wapo wabunifu waliochagua njia nyingine. Nchini Korea Kusini Kyu-Rhim Chung alibuni kipandikizi kidogo ambacho sehemu yake ya ndani imekwaruzwa ili iungane zaidi na mfupa na kuweza kupinga nguvu za kuzungusha. Mabishano kuhusu kiasi gani cha uunganaji kinafaa yanaendelea miongoni mwa wataalamu. Wengine huiona skrubu ndogo kuwa inashikwa hasa kimakanika, na wengine husisitiza kwamba bila mfupa mpya kuizunguka isingedumu miezi yote ya matibabu. Uchunguzi wa hadubini unaonyesha kwamba mambo yote mawili hutokea, ila kwa viwango tofauti kadiri muda unavyopita.

Utunzaji

Mgonjwa mwenye skrubu hushauriwa kuisafisha kwa mswaki laini kila anapopiga mswaki, na mara nyingine kusukutua kwa dawa yenye klorheksidini kwa siku chache za mwanzo. Hapaswi kuichezea kwa ulimi au vidole, kwa sababu mtikisiko wa mara kwa mara katika wiki za kwanza ndio unaozuia mfupa kujengwa. Maumivu madogo baada ya ganzi kuisha ni ya kawaida na hupungua kwa siku moja au mbili. Skrubu inayocheza ikiguswa, ufizi uliovimba na kutoa usaha, au maumivu ya jino la jirani wakati wa kutafuna ni dalili za kumwona daktari mapema, bila kungoja siku ya miadi.

Tazama pia

- Mfupa
- Jino
- Titani
- Taya
- Tiba ya meno